Seli Zilizokataa Mafua

Devota alikuwa na chupa mbili za seli, na kwa miezi saba chupa hizo zilimpa jibu lile lile.

Ya kwanza ilikuwa na seli za mapafu za kawaida. Akizitia virusi vya mafua, baada ya siku mbili tatu zilikuwa zimejikunja na kubanduka chini ya chupa, kama rangi ya ukuta iliyopigwa na mvua. Ya pili ilikuwa na seli za aina hiyo hiyo, ila zilikuwa zimeondolewa protini moja. Hizo alizitia virusi vile vile, kwa kipimo kile kile, na hazikudhurika. Siku ya tatu zilikuwa nzima. Siku ya sita zilikuwa nzima.

Protini hiyo, akiongea na watu wasio wa maabara, aliiita mkasi. Kirusi cha mafua kimezungukwa na miiba midogo inayokiingiza ndani ya seli, lakini miiba hiyo hutengenezwa ikiwa imefungwa. Isipokatwa mahali fulani, haifanyi kazi. Na kirusi hakina mkasi wake. Kinautumia ule ulio kwenye seli za binadamu, ambao mwili umeuweka pale kwa shughuli zake wenyewe. Kirusi hubadilika kila mwaka, chanjo ya juzi haitoshi leo, lakini mkasi ni wetu na haubadiliki. Kama mtu angeweza kuuzuia kwa siku chache tu, wakati mgonjwa yuko kitandani, huenda kirusi kingekwama. Hilo ndilo lililomfanya Devota aamke saa kumi na moja kila siku na kupanda kilima kwenda kazini, amevaa sweta mbili kwa ajili ya baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita.

Maabara ilikuwa ndogo. Kiongozi wao alikuwa Dakta Isakwisa, Mnyakyusa wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kumkatisha mtu akiongea. Mwingine alikuwa Eliezeri, mkuza seli, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Eliezeri ndiye aliyezitengeneza seli za chupa ya pili. Ilimchukua karibu mwaka mzima. Alifuta jeni ya mkasi kwenye seli nyingi, akazipima moja moja, akachagua seli moja iliyofutika sawasawa, akailisha peke yake mpaka ikazaa maelfu kwa maelfu. Krismasi alitoka kanisani akapitia maabara kuzibadilishia chakula kabla ya kwenda nyumbani kula chake.

Alhamisi ya wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa watafiti na madaktari mjini Iringa, na Devota alikuwa ameandikwa kwenye ratiba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda jukwaani na kazi ambayo aliweza kuiita yake.

Kabla ya hapo, mtaalamu mmoja aliyesoma rasimu yao aliuliza swali dogo: mmejaribu kuurudisha mkasi? Kuna kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho ukikichanganya kwenye maji ya chupa hukata miiba ya kirusi vizuri tu. Kama seli za Eliezeri zimekosa mkasi na hakuna kingine, basi zikiwekewa tripsini zitaugua kama zile za kawaida. Devota aliona ni jambo la kukamilisha tu. Akaweka tripsini Jumanne ya wiki moja kabla ya ile ya mkutano.

Ijumaa chupa ya kawaida ilikuwa imekufa. Chupa ya Eliezeri ilikuwa nzima, pamoja na tripsini yake.

Alidhani amekosea. Akasoma daftari lake mstari kwa mstari, akarudia siku hiyo hiyo kwa tripsini mpya kutoka kwenye friji. Jumatatu asubuhi akaangalia kwa hadubini na kukuta hali ile ile. Alikaa kwenye kiti muda mrefu kabla ya kwenda kugonga mlango wa Isakwisa.

"Umeiweka kweli?" Isakwisa aliuliza baada ya kumsikiliza.

"Nimeweka, Dakta. Mara mbili. Na zile za kawaida zimekufa kwa tripsini hiyo hiyo, kwa hiyo inakata."

"Basi si mkasi."

"Sijui kama si mkasi. Ninachojua ni kwamba siwezi kusimama mbele za watu nikasema ni mkasi."

Isakwisa alivua miwani akaiweka juu ya meza. "Nimeshawaambia watu, Devota. Mpaka Dar es Salaam wanajua."

"Najua."

"Tungeweza kuonyesha yale ya miezi saba. Ni matokeo yetu, hatujayatunga. Hili la tripsini tukalifanyia kazi taratibu tukirudi."

Kilichomuumiza Devota ni kwamba maneno yale hayakuwa ya uongo. Alikuwa bado anayapima kichwani simu ilipotetemeka mfukoni. Ilikuwa mama yake, Benedicta, ambaye hakuwa na desturi ya kupiga saa za kazi.

"Baba yako wamemlaza," mama alisema. "Wamemwekea hewa ya mtungi."

Isakwisa alikuwa ameyasikia. Akasimama. "Nenda," alisema. "Hili tutaliongea baadaye."

Devota alipanda basi la saa nne. Walipopita Makambako akaanza kuona misonobari, na malori ya mbao yaliyoegeshwa pembeni, na jua lilikuwa limeshainama aliposhuka Mafinga. Hewa ya mji ule ilinuka mbao mbichi kama siku zote. Baba yake, Joachim, alikuwa fundi seremala pale kwa miaka arobaini. Alikuwa amepitisha mikononi mwake milango na madirisha ya nusu ya mji, na vumbi la kazi hiyo lilikuwa limeingia mapafuni mwake bila yeye kulilalamikia.

Wodini alimkuta ameegemezwa mito miwili, mpira wa hewa puani, kifua kikipanda na kushuka haraka. Muuguzi alikuwa amemweleza mlangoni: kipimo kimeonyesha mafua makali, na nimonia imeingia juu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alipumzika kidogo kati ya neno na neno. "Wananiosha. Kama mtoto."

"Ukipona utajiosha mwenyewe."

"Mwambie yule binti muuguzi. Miguu naweza."

Aliposema hivyo alifumba macho, na Devota akamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Kwa miaka mingi alikuwa ameviona virusi vya mafua kama namba kwenye jedwali, maelfu kwa kila tone. Jioni ile alikaa akihesabu pumzi za mtu mmoja, akashindwa kuzifikisha dakika nzima bila kuogopa.

"Mama yuko wapi?" hatimaye aliuliza.

Joachim alionyesha dirisha kwa kidevu.

Benedicta alikuwa ameketi nje kwenye benchi la saruji, amejifunga kitenge kifuani na kingine kimefunika mdomo na pua. Pembeni yake kulikuwa na chupa ya uji ambayo haikuguswa. Devota alimwamkia, akataka kumkumbatia, lakini mama akarudi nyuma.

"Usinikaribie. Mimi ndiye niliyemletea."

Polepole habari ikatoka. Wiki mbili kabla, Benedicta alikuwa amekwenda Kalenga kwenye harusi ya binti wa mdogo wake. Watu walikuwa wanakohoa ukumbi mzima. Aliporudi Mafinga mafua yakampata siku tatu, akayanywea maji ya tangawizi, yakaisha. Katika siku hizo tatu alikuwa amepika, amelala kitanda kimoja na mumewe, amemwonjesha mboga kwa kijiko chake. Joachim alianza kutetemeka siku aliyopona yeye. Tangu wamlaze, alikuwa anamtumia muuguzi kupeleka uji. Hakuwa ameingia wodini hata mara moja.

"Mama, sasa hivi huna ugonjwa. Siku zimepita. Ukivaa barakoa na kunawa mikono, hakuna atakayekukataza."

"Barakoa ningevaa lini? Nilipokuwa naye kitandani?"

Devota aliketi upande wa pili wa benchi. Akafanya lile alilolijua. Akaeleza. Alisema kirusi ni kitu kidogo mno na hakina karibu chochote chake. Hakiwezi kutembea, hakiwezi kula, hakiwezi kuzaa peke yake. Kila hatua kinategemea kitu cha mwili wetu. Kwanza kinashika sukari zilizo juu ya seli, zile ambazo seli huzivaa ngozini mwake. Kisha seli yenyewe inakimeza, ikidhani ni chakula. Kuna protini zetu zinazokibeba mpaka kwenye kiini, nyingine zinakisaidia kunakili maandishi yake, na mwishoni kuna ule mkasi.

"Kwa hiyo mwili wake ndio uliomsaidia huyo mdudu," mama alisema.

"Wake, na wako, na wangu. Mwili haujui. Unafanya kazi yake ya kila siku."

"Mbona mimi kwangu yakaisha siku tatu?"

Devota alifikiri. Zipo protini zinazozuia pia, alisema, zinazokaa njiani na kukinasa kirusi kabla hakijafunguka, na watu hawanazo kwa kiwango sawa. Lipo suala la umri, na vumbi la mbao. "Lakini kwa nini wewe upone na baba alazwe, mama, sijui. Hakuna anayejua kwa hakika."

Pengine Benedicta alikuwa ametegemea mtoto aliyesomeshwa hivyo awe na jibu, na jibu hilo liwe la kumlaumu au la kumwachilia. Mwishowe aliinuka, akaichukua chupa ya uji, akauliza barakoa zinapatikana wapi.

Devota alibaki peke yake kwenye benchi, na ndipo maneno yake mwenyewe yakamrudia. *Kwanza kinashika sukari.* Miezi saba alikuwa ameutazama mkasi. Hatua ya kwanza hakuwahi kuipima kwenye chupa ya pili, kwa sababu walidhani kilichofutwa ni mkasi tu. Kama kirusi hakikupata hata mahali pa kushika, basi mkasi uwepo, usiwepo, urudishwe, ingekuwa yote mamoja.

Alimpigia Eliezeri nyumbani kwake.

"Kamwene, kaka. Nina ombi." Eliezeri alikuwa Mbena wa upande wa Njombe, na salamu hiyo walipeana kila siku. "Ile rangi inayoshika sukari za juu ya seli bado ipo?"

"Ipo kidogo. Ya nini?"

"Naomba uzipake chupa zote mbili. Halafu utazame."

Devota alisikia redio ikizungumza nyuma ya Eliezeri, kisha ikazimwa.

"Unaniambia seli zangu mbovu," Eliezeri alisema.

"Nakuomba tuziangalie. Mimi ndiye niliyezitumia miezi saba bila kuuliza."

"Mwaka mzima nimezilea, Devota."

"Najua, kaka."

Alingoja. Angeweza kumwomba mtu mwingine, lakini hakutaka mwingine afanye jambo hilo nyuma ya mgongo wa Eliezeri.

"Nitaangalia kesho," hatimaye akasema, akakata.

Jumanne ilipita bila neno. Joachim hakuwa na nafuu wala hakuzidiwa. Benedicta alikaa naye mchana kutwa, barakoa usoni, akimsomea majina ya watu waliopiga simu kumjulia hali. Jumatano mchana kwenye simu ya Devota ziliingia picha mbili. Ya kwanza ilionyesha seli za kawaida, kila moja imezungukwa na duara la kijani linalong'aa. Ya pili ilikuwa nyeusi. Ukiikazia macho uliona vivuli vya seli, zimejaa, zina afya, lakini hazina hata nukta ya kijani. Chini yake Eliezeri alikuwa ameandika: *Hazina sukari. Nimerudia mara mbili ndio maana nimechelewa. Pole dada.*

Devota akaandika: *Pole wewe kaka. Asante.*

Alielewa jinsi ilivyotokea. Kati ya seli zote alizozipima Eliezeri, ile moja iliyofutika mkasi vizuri ilikuwa pia, kwa bahati mbaya, imepoteza uwezo wa kuvaa sukari. Wazao wake wote wakatoka hivyo hivyo. Kirusi kilikuwa kikielea kwenye maji ya chupa siku sita bila kupata pa kushika. Kuhusu mkasi, miezi saba ile haikuwa imesema lolote, si ndiyo wala si hapana.

Isakwisa alipopigiwa alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. "Nilikosea kukuambia tuyaonyeshe yale," alisema. "Kesho nitakuwa Iringa. Unataka nikutoe kwenye ratiba? Hali ya baba yako ni sababu ya kutosha. Hakuna atakayeuliza."

Devota alitazama kupitia dirisha la wodi. Mama alikuwa anamkata baba kucha.

"Nitakuja," alisema.

Ukumbi wa Iringa ulikuwa na watu kama themanini. Isakwisa alisimama kwanza, akasema kwa sauti yake ya chini kwamba yeye ndiye aliyewaahidi watu habari fulani, kwamba habari hiyo haipo tena, na kwamba atakayeeleza ni yule aliyeligundua hilo. Devota akapanda. Alionyesha matokeo ya miezi saba, yaliyopendeza kweli, na akaona vichwa vikitikisika kwa kukubali. Kisha akaonyesha chupa yenye tripsini. Kisha picha nyeusi ya Eliezeri.

Daktari mmoja mwanamume mstari wa mbele alinyoosha mkono. "Sasa mmetuletea nini hapa?"

Baadhi ya watu walicheka.

"Nimewaletea jambo nililoliamini miezi saba," Devota alisema, "na sababu ya kutoliamini leo. Huenda mkasi una kazi kubwa kama tulivyodhani. Maabara nyingine duniani zimeliona hilo kwa njia zao. Ila sisi, kwa seli hizi, hatujalionyesha."

Hakupigiwa makofi mengi. Wakati wa chai alisimama pembeni na kikombe chake, akitafuta namna ya kuondoka mapema kurudi Mafinga, ndipo mwanamke mmoja mzee kidogo akamsogelea. Alijitambulisha kuwa Damari, kutoka maabara ya mifugo. "Na sisi tuna seli tulizozizalisha kutoka kwenye seli moja," alisema. "Hatujawahi kuzipaka rangi hiyo. Niandikie jina lake." Devota alimwandikia nyuma ya ratiba. Wiki tatu baadaye Damari alituma barua pepe fupi: moja kati ya chupa zao nne nayo ilikuwa haina sukari, na wameiondoa kabla ya kuitumia kwa lolote.

Joachim alitolewa mpira wa hewa Jumapili, na siku ya kumi na moja akarudi nyumbani. Pumzi yake haikurudi yote. Akipanda kutoka barabarani hadi kwake sasa alisimama mara mbili, na mashine ya kupasulia mbao alimwachia fundi mwenzake. Kazi za mkono za kukaa chini aliendelea nazo, kwa barakoa, ambayo Benedicta ndiye aliyeisimamia kwa ukali.

Eliezeri hakuzungumza sana kwa wiki mbili. Hakuna aliyemlaumu, na Devota alihakikisha katika taarifa yao jina lake limeandikwa kama aliyeligundua kosa. Siku moja alimkuta amezitoa seli zile kwenye kabati la joto na kuzimwagia dawa ya kuua. Alifanya hivyo kwa uangalifu ule ule wa kuzilisha. Kisha akaandika barua ya kuomba kuongezewa miezi sita kazini. Safari hii alizalisha chupa tatu kutoka kwenye seli tatu mbalimbali, na kabla ya kuzikabidhi alizipaka zote rangi. Zote ziling'aa.

Ilikuwa mwezi wa nne mwaka uliofuata Devota alipopata jibu. Bila mkasi, virusi vilikwama karibu vyote. Akitia tripsini, vilisambaa na seli zikafa siku ya tatu, chupa zote tatu, mara nne mfululizo. Lakini ni karibu vyote, si vyote. Vichache vilipita hata pasipo mkasi, maana yake mwili una kifaa kingine kinachokata pia, japo kwa uvivu. Isakwisa aliposoma rasimu alimwomba asiliondoe neno "karibu" hata mhariri akilalamika. Devota alicheka. Hakuwa na nia ya kuliondoa.

Mwezi wa sita Joachim na Benedicta walikuja Mbeya kumtembelea, na siku ya pili Joachim akataka aone kazi yenyewe. Devota aliwapa makoti meupe. La baba lilimbana mabegani. Waliruhusiwa chumba cha nje tu, na Eliezeri akawaletea chupa ya seli za kawaida ambazo hazikuwa zimetiwa kitu, akaiweka chini ya hadubini na kuwasogezea kiti.

Joachim aliinama, akafumba jicho moja kama anayeangalia unyoofu wa ubao. "Hivi ndivyo vilivyo kifuani kwangu?"

"Vinafanana na hivyo, baba."

"Vimetulia tu."

"Vimetulia."

Alimpisha mkewe. Benedicta alivua miwani, akainama, akakaa hapo muda mrefu. Eliezeri alitazama saa ya ukutani mara moja, mara ya pili, kisha akakohoa kidogo kwa adabu.

"Mama, samahani," alisema. "Zinatakiwa zirudi kwenye joto, halafu saa nane zinakula."

"Zinakula nini?" Benedicta aliuliza, bila kuinua kichwa.

Eliezeri akavuta kiti kingine, akaketi, akaanza kumweleza.